Filamu na Ukweli: Swali Nililoliacha Ndani ya Boksi

Kama unatoka milimani, Mbinga, Litembo au Maguu, pole na kuchuma kahawa. Kama unatoka mwambaoni, Lituhi, Liuli au Mbamba Bay, pole na upepo wa mwera. Somo letu la leo ni la filamu. Utasema, gazeti la afya na filamu wapi na wapi? Subiri kidogo.

Walionipokea shuleni kwao wanajua kwamba huwa nakuja na boksi. Ni boksi la sabuni tu, limezibwa kwa gundi, juu lina tundu. Kila mwanafunzi anapewa kipande cha karatasi, anaandika swali lake bila jina. Hata asiye na swali anaandika, angalau "sina swali", ili kalamu zote zitembee na asijulikane nani ana lake moyoni. Halafu nafungua, nasoma kwa sauti, najibu.

Mwaka jana nilikuwa katika shule moja ya sekondari huko kwetu Ruvuma. Jina naliacha. Nikatoa karatasi ya chunusi, nikajibu. Ya hedhi, nikajibu. Ya kaka mmoja aliyetaka kujua kama kunywa kahawa mbichi kunazuia malaria (hakuzuii, jamani, lala ndani ya chandarua). Kisha nikafunua karatasi iliyokunjwa mara nyingi mpaka ikawa ndogo kama punje ya mahindi. Iliandikwa hivi: "Dada, je kuna filamu ambayo mwanaume anayempenda mwanaume mwenzake hachekwi na hafi mwishoni? Naomba jina lake."

Niliisoma kimyakimya. Mwalimu wa nidhamu alikuwa amekaa mlangoni. Wanafunzi mia na zaidi walikuwa wananitazama. Nikaikunja, nikatia mfukoni, nikachukua nyingine. Sikusema hata "hili tutalijibu siku nyingine". Mtu mmoja ndani ya lile darasa aliona karatasi yake ikiingia mfukoni mwangu, akajua nimeiogopa.

Nimekaa nayo miezi. Leo najibu. Wewe uliyeiandika, sijui u nani na sitaki nijue. Wengine mnakaribishwa kusikiliza, kwa sababu swali lenyewe ni zuri kuliko lilivyoonekana.

TUNACHOKIONA BANDANI

Tuanze na tunachokijua. Wiki hiyohiyo niliteremka Mbamba Bay kwa kazi. Jioni nikapita kwenye banda la video, si mbali na wanapoanika dagaa. Ndani kulikuwa na vijana waliotoka ziwani, wengine suruali bado zina maji, na watoto wa shule ambao walipaswa kuwa nyumbani (nimewaona, msijifiche). Inaonyeshwa picha ya vichekesho. Akatokea mwanaume mmoja aliyevaa nguo ya kubana, anatembea kwa kuyumbisha kiuno, anaongea kwa sauti ya kubana pua. Hata hajasema neno, banda zima limecheka. Akasema neno, wakacheka tena. Kisha akapigwa kofi na mhusika mwingine, hapo ndipo wakacheka zaidi. Hakurudi tena kwenye hadithi. Alikuja kupigwa kofi tu akaondoka.

Nikamwuliza mwenye banda kama anazo picha nyingine zenye mtu wa namna hiyo, ila zisizo za kuchekesha. Akafikiri. "Ipo moja, dada, ila humo anaingiwa na pepo, halafu anakufa." Akaniangalia kwa mashaka kidogo. "Watu wanalipa wacheke au waogope. Nyingine ya nini?"

Sasa hebu fikiri. Katika picha tulizozoea, mtu wa namna hii ana kazi mbili tu: kutuchekesha au kutuonya. Hana mama. Hujawahi kumwona anapika ugali, anaugua malaria, anadaiwa kodi ya chumba, anafiwa. Unajua namna anavyotembea lakini hujui anafanya kazi gani. Umewahi kukutana na binadamu wa aina hiyo? Mimi sijawahi. Kila binadamu niliyewahi kukutana naye alikuwa na mtu nyumbani wa kumwuliza "umechelewa wapi?"

Hapo ndipo tunaposema filamu haina uhalisia. Neno uhalisia mmelisoma kwenye fasihi, Kidato cha Tatu, mkalikariri kwa ajili ya mtihani. Lichukueni mlitumie bandani. Filamu yenye uhalisia si lazima imsifie mtu, wala si lazima ikutake ukubaliane naye. Inampa tu vile ambavyo kila binadamu anavyo: mzazi anayemsubiri, kazi inayomchosha, woga, furaha ndogondogo, na siku ya kesho. Hiyo ya mwisho, siku ya kesho, ndiyo aliyoiuliza mwenye karatasi.

Nichepuke kidogo kwenye lugha. Neno "shoga", ambalo siku hizi linarushwa kama jiwe, kwa asili ni neno la wanawake. Mpaka leo mama akimwita mwenzake "shoga yangu" sokoni, ana maana ya rafiki wa ndani, wa kumpa siri. Hilo neno la upendo ndilo tumelifanya tusi. Nami nakiri, nilipokuwa sekondari nililitumia vibaya kumwita kijana wa darasa letu aliyependa kukaa na wasichana. Hatukujua lolote juu yake. Alihama shule.

SIMULIZI ZILIZOKUSANYWA

Je, filamu za aina nyingine zipo? Zipo, tena hapa hapa Afrika Mashariki, na baadhi yake wahusika wanaongea Kiswahili.

Nairobi kuna kundi la wasanii linaloitwa The Nest Collective. Wao hawakuanza kwa kutunga. Walirekodi simulizi za Wakenya wanaopenda watu wa jinsia yao: wamekulia wapi, walijijua lini, nani aliwafukuza, nani aliwaficha. Kutoka kwenye simulizi hizo wakatengeneza filamu fupi tano, wakaziunganisha kuwa moja, *Stories of Our Lives*, yaani "Simulizi za Maisha Yetu". Mwongozaji ni Jim Chuchu. Haina rangi, ni nyeusi na nyeupe kama picha za zamani za bibi na babu.

Moja ya hizo tano inaitwa "Athman". Ni vijana wawili, Ray na Athman, wanafanya kazi shambani pamoja, ni marafiki wa kweli. Ray anampenda Athman. Athman anamtania msichana anayeitwa Fiona, na Ray anaumia. Hakuna pepo wala kofi, na hakuna anayetembea kwa kuyumba. Kuna vibarua wawili, na mmoja anatafuta namna ya kusema jambo ambalo akilisema huenda akapoteza rafiki. Kama umewahi kuchuma kahawa siku nzima na mtu unayempenda asiyejua, utamwelewa Ray vizuri tu, hata kama wewe unayempenda ni wa jinsia nyingine.

Nyingine ni ya msichana wa sekondari, Kate, anayetenganishwa shuleni na msichana mwenzake. Nyingine tena ni ya Liz, ambaye akisikia wanasiasa wanatishia watu wa aina yake, usiku anawaza jinsi yeye na mwenzake watakavyotoroka.

Filamu hiyo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Toronto, Kanada, Septemba 2014. Wengi walioitengeneza walikuwa wameficha majina yao mpaka wakati huo. Bodi ya filamu ya Kenya ikaipiga marufuku, na Oktoba mwaka huohuo mtayarishaji wake, George Gachara, akakamatwa kwa madai ya kupiga filamu bila kibali. Mashtaka yalikuja kufutwa. Mwaka 2015 filamu ikapata tuzo Berlin, Ujerumani. Kwa hiyo watu wa Toronto na Berlin waliiona hadithi ya vibarua wa Kenya, na vibarua wa Kenya hawakuiona.

RAFIKI

Sasa tufike kwenye jibu lenyewe. Mwaka 2018 mwongozaji Wanuri Kahiu wa Kenya alitoa filamu iitwayo *Rafiki*. Aliitoa katika hadithi fupi ya mwandishi wa Uganda, Monica Arac de Nyeko, iitwayo "Jambula Tree", iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Jina la filamu lina maana yake: wawili wa jinsia moja wakipendana katika nchi zetu, mmoja hawezi kumtambulisha mwenzake kwa mama kama mpenzi. Atasema tu, "Huyu ni rafiki yangu."

Wanaopendana ni wasichana, Kena na Ziki. (Najua mwenye karatasi aliuliza wanaume. Vumilia, nitafika.) Kena, aliyeigizwa na Samantha Mugatsia, anacheza mpira na wavulana, anamsaidia baba dukani, anasubiri matokeo ya mtihani na anataka kuwa nesi. Ziki, aliyeigizwa na Sheila Munyiva, ana nywele za rangi zote na hawezi kutulia. Baba zao wanagombea kiti kimoja katika uchaguzi. Ziki anamwuliza Kena swali ambalo wengi wenu mnapaswa kuulizwa: kwa nini nesi, kwa nini usiwe daktari? Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza hivyo.

Wakitaka kuongea bila kusikika wanaingia kwenye gari bovu lililotupwa. Mtaa una macho. Kuna mama wa kibanda cha chakula ambaye kila habari inapitia kwake kwanza, nanyi wote mnamjua mama huyo maana kila kijiji kinaye. Kuna kijana mwingine anayetukanwa kila apitapo, na mwanzoni Kena anakaa pamoja na hao wanaomtukana. Hilo nalipenda katika filamu hii, kwamba mhusika mkuu si malaika.

Kisha wanajulikana. Wanapigwa na kundi la watu. Kena anapelekwa kanisani kuombewa, watu wamemzunguka. Mama yake anaona aibu, na aibu yake tunaielewa, kwa sababu yeye pia anaishi mtaa huohuo. Baba yake, ambaye uchaguzi umeharibika kwa sababu ya jambo hili, anakataa kumlaumu mtoto. Ziki anapelekwa Uingereza.

Mambo yaliyofuata nje ya filamu yanahusu swali letu moja kwa moja. Bodi iliisoma na kuitazama filamu, na Wanuri Kahiu akaeleza baadaye kwamba alitakiwa abadilishe mwisho. Ulikuwa una matumaini mno. Walitaka wasichana waonekane wanajutia. Alikataa. Aprili 2018 filamu ikapigwa marufuku Kenya. Mwezi uliofuata ikaonyeshwa kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa, na ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa huko.

Tafakari hapo. Kipigo kimo ndani ya filamu, matusi yamo, maombi yamo. Shida kubwa ikawa kwamba baada ya hayo yote wasichana wanabaki hai na hawaombi radhi. Ewe mwenye karatasi, uliuliza swali ambalo watu wazima wamepelekana nalo mahakamani.

Maana walikwenda mahakamani kweli. Tarehe 21 Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu aliruhusu filamu ionyeshwe kwa siku saba, kwa watu wazima tu. Nairobi watu walipanga foleni na tiketi zikaisha. Siku saba zilipopita marufuku ikarudi. Mwaka 2019 Samantha Mugatsia alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la FESPACO, Ouagadougou, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ilikataa ombi la kuiondoa marufuku hiyo.

MJI MWINGINE WENYE ZIWA

Kuna anayesema, hayo ni mambo ya Nairobi, kwetu mwambaoni ni tofauti. Basi twende mbali zaidi, Japani, kwenye mji wenye ziwa katikati kama sisi tulivyo na Nyasa mlangoni. Mji huo ni Suwa. Hapo mwongozaji Hirokazu Kore-eda alipiga filamu yake ya mwaka 2023, *Monster*, yaani "Zimwi". Haikuwa ya kwanza Japani kugusa jambo hili. Mwaka 1995 Ryosuke Hashiguchi alishatengeneza filamu ya mwanafunzi wa sekondari anayempenda rafiki yake wa kiume. Lakini hii ya Kore-eda ndiyo ningependa walimu wetu waione.

Wahusika ni wavulana wawili wa shule ya msingi, Minato na Yori. Ni watoto, hakuna mapenzi ya kikubwa humo, kuna urafiki ambao wao wenyewe hawana neno la kuuita. Filamu inasimulia jambo moja mara tatu: kwanza kama mama alivyoliona, halafu kama mwalimu alivyoliona, mwisho kama watoto walivyoliona. Mama anadhani mwalimu anamtesa mwanawe. Mwalimu anadhani Minato anamwonea Yori. Wote wawili ni watu wema, na wote wamekosea.

Sasa sikiliza maneno yanayomwumiza Minato. Mama, akiendesha gari, anamwambia kwa upendo kabisa kwamba atamtunza mpaka siku atakapooa na kuwa na familia ya kawaida. Mtoto anafungua mlango wa gari likiwa linakwenda na kujitupa nje. Mwalimu, kwa utani tu, anawaambia wavulana wawe kama wanaume. Hakuna aliyetukana. Baba yake Yori ndiye mkatili, anamwambia mwanawe ana ubongo wa nguruwe na kwamba atamtibu. Lakini Minato anavunjwa zaidi na yale maneno mema, yale ambayo mimi na wewe tunayasema kila siku. "Utaoa lini?" "Dume zima unalia?"

Wavulana hawa nao wana mahali pa kujificha: behewa bovu la treni porini, wamelipamba wenyewe. Nilipoliona nilikumbuka lile gari la Kena na Ziki. Watu wawili waliotengeneza filamu katika nchi mbili tofauti, kila mmoja alipotafuta pa kuwaweka wahusika wake akaona hakuna nyumba, akawapa chombo kilichotupwa.

Mwishoni inakuja dhoruba na maporomoko ya udongo. Kisha jua linawaka, na watoto wanakimbia kwenye majani mabichi wakipiga kelele za furaha. Watazamaji wamebishana sana: wako hai, au wamekufa na hiyo ni ndoto? Mimi niko upande wa walio hai. Ila angalia tulivyozoeshwa: tunaona watoto wawili wanakimbia juani, na bado tunauliza kama wamekufa.

BABA MCHUNGAJI

Niliahidi wanaume, na hapa si kuigiza. Mkenya Peter Murimi alimfuata kijana mmoja kwa kamera kwa miaka mitano. Filamu yake ya mwaka 2020 inaitwa *I Am Samuel*, "Mimi ni Samuel". Kijana ametoka kijijini magharibi mwa Kenya, akaenda Nairobi kutafuta maisha, akampata mwenzake. Baba yake ni mhubiri na mkulima, na anachotaka ni mkwe wa kike na wajukuu. Samuel anakwenda Nairobi, anarudi kijijini, anasaidia shambani, anakula na wazazi, na muda wote ana neno kooni. Filamu haimfanyi baba kuwa adui. Ni mzee anayempenda mwanawe na aliyeumia. Septemba 2021 bodi ya Kenya iliipiga marufuku nayo.

Ukiniuliza katika zote ipi ina uhalisia zaidi, nitakwambia ni hii, kwa sababu ya meza ya chakula kijijini. *Rafiki* ina rangi nzuri na muziki, wakati mwingine nzuri kupita maisha yenyewe.

AFYA INAINGIA WAPI?

Inaingia hapa. Tarehe 17 Mei 1990 Shirika la Afya Duniani liliondoa kuwapenda watu wa jinsia yako katika orodha yake ya magonjwa. Kwa hiyo si ugonjwa wa akili, na hauambukizwi kwa kutazama filamu, kama vile ambavyo kutazama picha za karate hakujawahi kumfanya mtu awe Bruce Lee. Nimeulizwa hilo mara nyingi, ndiyo maana nalijibu.

Kinachoambukizwa ni VVU, na kirusi hakiulizi unampenda nani. Kinapita kwenye ngono isiyo na kinga. Kwa njia ya haja kubwa hatari ni kubwa zaidi, awe ni mwanaume na mwanaume au mwanaume na mwanamke, na hapo wapo wasichana wanaodanganywa kwamba njia hiyo ni salama kwa sababu haileti mimba. Si salama. Mtu anayeogopa kuchekwa dirishani hospitalini hapimi, na asiyepima hajui. Lile kofi la bandani linamfuata mpaka kwenye foleni ya zahanati.

Kuna na upweke. Mtu akiona katika kila picha kwamba mwenye moyo kama wake anachekwa kisha anakufa, mwisho anaweza kuamini kwamba na yeye njia yake ni hiyo. Nimekutana na wanafunzi walioacha kula, walioacha shule, na waliowaza kujidhuru. Ukiwa na mawazo hayo, mtafute mtu mzima mmoja unayemwamini, nesi, shangazi, mwalimu wa malezi, leo hii, usingoje kesho. Si lazima umweleze kila kitu. Mwambie tu, "Nina mawazo ya kujidhuru." Inatosha kuanzia.

Sheria nisiifiche. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 154, inaadhibu tendo linaloitwa la kinyume cha maumbile kwa kifungo cha maisha, na kisichopungua miaka 30. Kwa hiyo siri ya mwenzako ukiitoa si umbea wa kawaida. Unaweza kuwa umemtoa nyumbani, shuleni, hata kwenye uhai, maana kundi la watu wenye hasira halingojei hakimu. Sikuandikii ubishane na padri wako wala na wazazi wako. Unaweza kubaki na imani yako yote na bado usimtangaze mtu, usimpige, usishangilie akipigwa.

Na walimu wa fasihi, kama mnasoma gazeti hili (najua mnalichukua mezani kwa wanafunzi), jaribuni zoezi dogo. Waambieni wanafunzi wachukue picha yoyote waliyoiona, wamtafute yule mhusika anayechekwa, awe kilema, mlevi, mzee au mwanaume wa kuyumba, kisha waandike ukurasa mmoja wa siku yake nyumbani kabla hajaingia kwenye picha. Ameamka saa ngapi? Nani amempa chai? Nilijaribu na kikundi cha afya cha Kidato cha Pili huko Nyasa. Kijana aliyecheka kwa sauti kuliko wote ndiye aliyeandika kurasa tatu.

Sasa wewe wa karatasi. Sikutumi ukaitafute filamu kwenye simu ya mtu. Hata mahakama ya Kenya iliiruhusu kwa watu wazima tu, na simu ya kuazima haina siri. Utakapofikisha miaka 18 na ukiwa mahali salama, utaamua mwenyewe. Lakini uliomba jina, nami nakudai samahani ya siku ile. Jina ni *Rafiki*. Mwishoni miaka imepita. Kena hakuwa nesi, amekuwa daktari. Anasikia Ziki amerudi. Anasimama mahali akiutazama mji, anaitwa jina lake kwa nyuma, anageuka, na mkono unamgusa begani. Hafi mtu.